Klachi Uliyonisingizia

Baba Chao,

Sikusalimii. Salamu ni za watu walioachana vizuri, na sisi hatukuachana vizuri. Nikifika mwisho wa barua hii nikiwa nimepoa, nitakusalimu. Nisipopoa, utakaa bila.

Nimeketi ndani ya lile gari lako jeupe, lile lisilo na klachi, nililoapa mbele yako na mbele ya binti yetu kwamba sitaligusa hata kwa kidole. Leo nimeliendesha mwenyewe kutoka kwenu kule juu Wundanyi mpaka hapa Voi, nikaliegesha kwenye kivuli cha ukuta wa kliniki. Mama yako yuko ndani na nesi. Kilichomleta nitakwambia, lakini kwanza utanisikiliza mimi. Ulipokuwa hai ulikuwa na jibu kwa kila kitu, na siku ya mazishi mchungaji alinisimamisha nikushukuru tu.

Na nilikushukuru. Nilisimama na kitambaa cheusi kichwani nikasema ulikuwa mume mkweli na mwalimu wa wengi. Hilo la pili halina ubishi. Nusu ya madereva wa Voi walijifunza kwako. Mtu akiingia barabara kuu vizuri, bila kuyakatia malori ya Mombasa njia, ujue kuna siku ulimgombeza hadi akatokwa jasho.

Hata mimi ulinigombeza. Nilikuja nikiwa msichana wa kuuza dhania, nimechoka kubembeleza magari ya watu, nikakukuta kwenye ule uwanja wa mchanga mwekundu kando ya njia ya Marungu, umekaa kiti cha abiria na kofia yako ya kijani. Neno lako la kwanza kwangu halikuwa la mapenzi. Ulisema, "Inua macho. Miguu yako haijapotea, usiitafute." Hukuweza kumvumilia mwanafunzi anayeangalia chini kutafuta pedali. La pili lilikuwa, "Klachi unaisalimia, unaiacha. Hailaliwi." Maneno hayo mawili nimeyabeba miaka yote. Yakumbuke, kwa sababu leo nakurudishia.

Ile pikapu ya buluu tuliinunua pamoja, lakini aliyeifanyisha kazi ni mimi. Wewe ulikuwa na shule yako ya udereva, mimi nilikuwa na barabara. Nilibeba kabeji, viazi na maparachichi kutoka Wundanyi, nikateremka zile kona zote hadi Mwatate, halafu mashamba ya mkonge mpaka Voi. Siku za soko la Taveta nilirudi na ndizi na nyanya, nikipita Salaita jua limewaka na vumbi limenijaa hadi kwenye meno. Kina mama wa sokoni, kile kikundi cha Mama Mercy, walinipa mzigo wao bila hata mmoja kupanda nyuma kuuchunga. Walikuwa wakisema kitu kikibebwa na Mama Chao hata yai halipasuki. Pikapu ile niliijua kwa sauti. Gia nilibadilisha huku naimba za kanisani. Sikuwa na cheti kingine cha maana maishani isipokuwa leseni ile, na sikuwa na jina lingine pale sokoni isipokuwa hilo, kwamba najua kuendesha.

Halafu ikaanza ile harufu. Unaikumbuka. Nikipanda mlima, injini inanguruma na gari haliendi. Tukaipeleka kwa Fundi Mutua, akaifungua, akatuonyesha klachi pleti ikiwa nyeusi kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Akasema, "Kuna mtu anaweka mguu hapa na hautoi." Nikakugeukia, kwa sababu wewe pia ulikuwa ukiiendesha. Asubuhi ulienda nayo shuleni, na Jumapili ulimpeleka mama yako kanisani. Nilikugeukia bila ubaya wowote. Nilitaka tu mwalimu aseme tatizo ni nini.

Wewe ukacheka. Ukasema, "Ni huyu mama. Nimemwambia asilalie klachi mpaka nimechoka."

Vijana wa gereji wakacheka. Dereva mmoja wa lori dogo la kanta aliyekuwa akingoja matairi yake akacheka. Hata Mutua, mtu wa adabu, alitabasamu akiangalia chini. Mke wa mwalimu anaunguza klachi! Habari hiyo ilifika sokoni kabla yangu mimi.

Na unajua nilichofanya? Nilikuamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Sikusema mbele yao kwamba unasema uongo, kwa sababu haikuniingia akilini kwamba unaweza kusema uongo juu ya kitu kama klachi. Nikaushuku mguu wangu. Nikaanza kuendesha huku nimeuning'iniza mguu wa kushoto hewani, mbali na pedali, safari nzima ya Taveta, mpaka nyonga ikawa inaniuma nikigeuka kitandani. Ukaniuliza mbona nachechemea, nikakwambia ni uchovu. Ulinikanda nyonga kwa mafuta ya nazi, Baba Chao. Ulikuwa unajua kila kitu, na ulinikanda.

Klachi ya pili ikaungua vilevile. Safari hii Mutua hakuuliza ni nani, na wewe hukuwa na haja ya kusema. Mama Mercy akaja nyumbani, akanywa chai yangu yote, akazungumza habari za mvua, halafu akasema, "Mama Chao, hatuna ubaya na wewe, lakini mboga haingoji gari litengenezwe." Wakampa kazi kijana mmoja wa Mwatate ambaye anateremka mlima gari likiwa fri ili aokoe mafuta. Mtu anayeteremka Wundanyi bila gia! Walimwona huyo ni afadhali kuliko mimi.

Kisha ukaiuza pikapu. Hukuniuliza. Nilikuwa nafua uani nikakusikia ukipiga honi nisiyoijua, nikatoka na povu mikononi, na wewe umekaa ndani ya hili gari jeupe ukitabasamu. Wewe, uliyekuwa ukiyaita magari ya aina hii friji zenye magurudumu. Wewe, uliyekuwa ukiwaambia wanafunzi kwamba anayejifunza gari bila klachi hajajifunza kitu. Kabla sijafuta povu ukaniambia, "Sasa hutakuwa na cha kuunguza."

Hilo neno sijakusamehe. Nakwambia mapema ili usije ukangoja.

Nilinuna. Ulinijua nikinuna. Nilitembea kwa miguu kwenda sokoni kuuza sukuma wiki za watu wengine, na ukinipita na gari lako nilijifanya naangalia mbuzi. Mara kadhaa uliniita, "Mama Chao, njoo nikuonyeshe hii kitu, ni rahisi, utaipenda." Nikakujibu kwamba mimi siendeshi friji. Ulikuwa ukikaa kidogo mlangoni, kama mtu mwenye neno jingine, halafu unaondoka. Nilifikiri unataka tu nikusifu.

Ule mwiba ndio uliokufichua. Mwiba wa mgunga, mrefu, umepita soli ya kiatu ukaingia kwenye wayo wako wa kushoto, na wewe ukatembea nao kazini na kurudi bila habari. Ni mimi niliyesikia harufu. Si ya klachi safari hii. Kufikia wakati huo mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na wewe bado unasema ni kiatu kipya. Pale hospitalini nesi aliniuliza umeishi na ugonjwa wa sukari tangu lini. Nikamwambia kwa ujasiri wote kwamba mume wangu hana sukari, mwenye sukari ni mamake. Nesi akaniangalia, akaangalia karatasi zake, akaniangalia tena. Aliniangalia kama mwanamke asiyemjua mtu anayelala naye. Na alikuwa sahihi, sikukujua. Ulikuwa ukinywa dawa kwa siri kazini, ukizikumbuka leo na kuzisahau kesho. Sumu ya kidonda ikaingia kwenye damu, na ukaondoka bila kunieleza hata neno moja.

Wakati huo bado sikuwa nimeunganisha mambo. Nilifikiri mguu ulikufa ganzi mwishoni, pamoja na mwiba. Nilikulilia kama mjane yeyote. Gari jeupe likakaa uani na kuku wakalala juu yake.

Kisha ikafika siku ya mama yako kuja kliniki, ile safari uliyokuwa ukimfanyia wewe. Alinipigia simu. Hakuuliza kama najua kuliendesha gari lako. Aliuliza tu kama nitakuja. Siku hiyo nilimtumia gari la kukodi, halafu nikamtafuta Mwakio, yule mwanafunzi wako aliyebaki kufundisha pale uwanjani. Nikamwambia anifundishe friji.

Ungeniona ungecheka mpaka ulie. Miaka yote hiyo barabarani, na sasa nimekaa pale pale uliponifundisha, kwenye mchanga ule ule mwekundu, naogopa gari ambalo hata mtoto anaweza kulipeleka. Mwakio akasema weka D, achia breki, litakwenda lenyewe. Likaenda lenyewe. Nikaogopa, kwa sababu gari linaloenda kabla sijaliambia si gari ninalolijua. Mkono wa kushoto ukaanza kutafuta gia ya pili ambayo haipo. Na mguu wa kushoto, huo ndio ulikuwa balaa. Kila nikitaka kupunguza mwendo, unaruka kwenda kwenye klachi, na palipokuwa pa klachi sasa pana pedali ya breki iliyotanuka. Nikaikanyaga breki kwa nguvu za klachi. Gari likasimama kama limegonga ukuta. Mwakio akapiga dashibodi kwa paji la uso. Mara ya kwanza alisema si kitu. Mara ya tatu alijipapasa tu paji.

Akasema, "Mama, vua kiatu cha kushoto. Ukunje mguu chini ya kiti. Ukijisahau ukagusa breki kwa mguu mtupu, utasikia umekosea."

Nikavua. Na kweli nilisikia. Nilisikia manyoya ya zulia, nilisikia chembe ya mchanga kati ya vidole, nilisikia raba ya pedali ilivyochongwa mistari, na kila mguu ulipotaka kuruka niliukamata njiani. Gari likaanza kwenda sawasawa. Nikafurahi, Baba Chao. Kwa muda mfupi niliendesha nikiwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu pikapu iondoke. Nikamwambia Mwakio kwa mzaha, "Mbona mwalimu hakutufundisha kwa mguu mtupu tangu mwanzo?"

Mwakio hakucheka. Aliangalia nje upande wa reli, akasema, "Mwalimu hangeweza, mama. Huo wake ulikuwa hausikii kitu."

Nikamuuliza tangu lini.

Kijana wa watu akajaribu kurudi nyuma, lakini alikuwa ameshaanza. Alisema ni tangu enzi za lile gari kuukuu la shule yako, kabla hata hatujapeleka pikapu kwa Mutua mara ya kwanza. Alisema ulikuwa ukiangalia chini. Kila ulipotaka kuuweka mguu mahali, uliuangalia kwanza uko wapi, wewe uliyemkataza kila mtu kuangalia miguu. Alikuona siku moja umeuacha juu ya klachi safari nzima, gari linanuka, na wewe unazungumza tu habari za mpira. Alipokuonyesha ulishtuka, ukamwomba asimwambie mtu. Ulimwambia wakijua watakunyang'anya kazi ya kufundisha, na mimi nitakunyang'anya funguo. Ukamwapisha.

Nilizima gari. Nikashuka. Nikatembea kwenye ule mchanga na kiatu kimoja, jua la Voi unalijua, mchanga unachoma, na kila hatua niliisikia. Nilikutukana. Nilikutukana kwa Kidawida na kwa Kiswahili, kwa sauti, na wanafunzi wa magari mengine walisimamisha masomo yao wakanitazama. Mwakio alinifuata nyuma ameshika kiatu changu mkononi akisema "pole mama, pole mama" hadi nikamwambia anyamaze.

Sasa nisikilize vizuri. Sina hasira kwa kuwa uliugua. Sina hasira hata kwa kuwa uliogopa, mimi pia ningeogopa. Kazi ile ilikuwa ndiyo wewe. Hasira yangu ni kwamba ulihitaji mguu wa kusingizia na ukachukua wangu. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema siku ile pale gereji. Ungesema klachi ni ya zamani. Ungesema ni milima. Ungesema hujui, watu wangekubali, hata mwalimu anaruhusiwa kutojua. Lakini ulimchukua mtu aliyesimama karibu yako zaidi, uliyemfundisha kwa mkono wako mwenyewe, ukampaka masizi mbele ya watu anaofanya nao kazi, halafu jioni ukamkanda nyonga. Na wakati huo wote mguu unakufa. Ungeniambia ningeuosha kila siku. Ningeukagua kila jioni kama ninavyokagua matairi. Mwiba ule ningeuona siku ile ile ulipoingia, ningeuchomoa, ungekasirika kwa kuwa nakupigia kelele, na sasa ungekuwa hapa kando yangu unanifundisha vibaya kuendesha friji.

Ulinikosesha kazi ili uhifadhi yako, mwisho wake tukazipoteza zote mbili, na wewe nikakupoteza.

Nililichukua jambo hilo nikakaa nalo mpaka siku ya kukuwekea msalaba. Nilikuja nikiendesha mwenyewe, Chao kando yangu, kiatu cha kushoto kikiwa nyuma. Watu walijaa pale shambani, kwaya ikaimba, masufuria ya pilau yanachemka nyuma ya nyumba. Fundi Mutua alikuwepo. Mama Mercy na kikundi chake walikuwepo na leso zao za sare. Mchungaji akasema mjane aseme machache ya shukrani. Nikasimama kando ya kaburi lako ambalo saruji yake ilikuwa bado na unyevu.

Nikasema ulikuwa mwalimu mzuri. Nikasema pia ulinisingizia. Nikasema klachi za ile pikapu ya buluu sikuziunguza mimi, kwamba mguu wako ulikuwa umekufa ganzi na ulikuwa unajua, na ukaacha watu wanicheke. Nikasema nakupenda na kwamba yote mawili ni kweli, na nikaketi. Sikupaza sauti. Nikasikia kuni zikipasuka motoni. Mutua akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Mama Mercy akajifunika mdomo na leso.

Mama yako akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilipomfuata alisema maneno haya tu, "Umemvua mwanangu nguo mbele za watu." Nililia njia nzima ya kurudi, na Chao akaniuliza mara mbili kama naweza kuendesha. Lakini sikujuta. Hata leo nikiulizwa, nitasema vilevile.

Tangu siku hiyo mama yako hakupokea simu yangu. Siku ya kliniki iliyofuata nilipanda mlima nikamkuta amefunga mlango na yuko ndani, namsikia akikohoa. Nikarudi na gari tupu. Mama Mercy naye alikuja nyumbani, safari hii na mkungu wa ndizi, akaniuliza kama ningependa kurudia kubeba mzigo wao, wako tayari kunitafutia gari. Nikamwambia nitafikiria. Acha angoje kidogo, mimi pia nilingojeshwa.

Leo nilipanda tena. Sikupiga simu. Wundanyi kulikuwa na ukungu, barabara imelowa, nikafika nimejiandaa kuzungumza na mlango uliofungwa. Nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda, amevaa koti lako lile la kahawia, mguu mmoja una kiatu na mwingine amefunga leso. Hakunisalimu. Alinyanyuka na fimbo yake, akaingia kiti cha mbele, akakaa. Nikaingia upande wangu. Akaanza kufungua ile leso taratibu, akauinua mguu kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine, akauweka mapajani mwangu.

Akasema, "Angalia."

Kisigino kimeungua, Baba Chao. Duara jekundu, katikati jeupe, linaanza kutoa maji. Alikuwa akipika ugali, akasimama na kisigino kimeegemea figa, na hakusikia. Alijua tu alipoona ngozi imebaki kwenye jiwe. Na alikuwa amekificha tangu siku ya msalaba wako. Alikuwa nacho siku ile nilipobisha na asifungue.

Kisha akasema jambo jingine akiangalia kioo cha mbele. Alisema ulimwonyesha yeye mguu wako kwanza. Yeye ndiye aliyekwambia ujikaze, usiniambie, tusije tukaanza kukuhesabu mgonjwa. Hiyo ndiyo sababu alifunga mlango. Nilikuwa nimekuvua nguo wewe, lakini aliyesikia baridi ni yeye.

Nilitaka kupasuka. Nilizigeuza hasira zangu zote kumwelekea na nikakuta mbele yangu yuko mwanamke mzee mwenye mguu mapajani mwangu. Nikazirudisha kwako. Wewe ulikuwa mtu mzima, ungeweza kukataa kumsikiliza. Nikamfunga mguu vizuri kwa leso safi, nikavua kiatu changu, nikawasha gari.

Zile kona nimeziteremka taratibu. Mwakio alinifundisha nisiiachie breki kazi yote, nivute mkono wa gia mpaka kwenye namba mbili, injini ishike gari yenyewe, na nikikaza sikio naisikia ikishika, karibu kama pikapu. Mguu wa kushoto nilikuwa nimeukunja chini ya kiti. Haukuruka hata mara moja. Mwanzoni mama yako alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Tulipopita kona za juu akaachia mkono mmoja. Tulipoingia Mwatate akaachia wa pili. Kwenye mashamba ya mkonge nikageuka, nikamkuta amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea mlango. Unamjua mama yako. Kwa mwendo wako wewe mwanawe alikuwa akisali njia nzima.

Nesi ameshatoka mara moja kuniambia. Tumewahi. Kidonda kitapona kikitunzwa, mguu hautakatwa. Atakaa nami hapa Voi mpaka kifunge, na kila jioni, jua likiwa bado lipo, ataketi mlangoni nami nitaketi chini, nitamvua viatu na kuangalia nyayo zote mbili na katikati ya kila kidole. Chao naye akija likizo atanionyesha zake, acheke asicheke. Nyumbani kwangu hakuna mguu utakaofichwa tena. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na nimeshaianza leo kule juu, ndani ya gari lako.

Namwona anatoka sasa. Fimbo mkono mmoja, kiatu mkono mwingine, bendeji nyeupe kisiginoni, na anawaamrisha watu wampishe. Wacha nikamfungulie mlango.

Kwaheri, Baba Chao. Kwaheri nakupa, ni yako. Salamu bado, sijapoa. Siku kisigino cha mama yako kitakapofunga tutapanda wote kuja kaburini kwako, mimi nikiendesha na yeye akilala, na hapo ndipo nitakusalimu.

Mama Chao